Gololi Nilizosubu Stanmore

Kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kubeba katika maisha yangu ya kuhamahama ni paa la nyumba ya watu. Nililibeba ndani ya begi la magurudumu, Jumamosi asubuhi, kutoka Stratford mpaka Stanmore, yaani kutoka mwisho mmoja wa reli mpaka mwisho mwingine, na gurudumu moja lilikwisha kazi hata kabla sijafika kwenye treni.

Halikuwa paa zima. Yalikuwa mabaki ya yale mabamba laini ya risasi ambayo mafundi wa London huyatumia kuziba maungio ya mapaa na kuzungushia dohani, ili mvua isipenye. Nikisema risasi nina maana ya madini yenyewe: ya kijivu, yanayokunjika kwa mkono kama chapati ya jana, na mazito kuliko yanavyoonekana. Mafundi walikuwa wakikarabati nyumba iliyo mkabala na chumba changu. Nilivuka barabara nikawaomba vipande vya kutupa. Mkubwa wao akaniuliza nataka vya nini, nikamwambia nataka kutengeneza gololi. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akacheka, akaniongezea kipande kikubwa zaidi.

Ndani ya treni nilijaribu kulisogeza begi lisimzuie mtu, likagoma. "Yarabi!" nikasema kwa sauti. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu, sare yake ya unesi ikichungulia chini ya koti, akainuka kunisaidia.

"Pole, dada," akasema, na kwa lafudhi yake nikajua ni Mkenya. "Hapa ndani uko na nini? Ama ni mtu?"

"Ni paa."

"Paa ya nini?"

"La nyumba."

"Na wenye nyumba wakinyeshewa?"

"Wamewekewa jipya."

"Sema ukweli, umetoa kanisani. Huku watu huiba paa za kanisa, niliona kwa televisheni."

"Nimepewa, wallahi. Nakwenda kuliyeyusha. Nasubu gololi za bastola."

Akaketi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Wee! Sema polepole. Hapa si kwenu."

Nikamweleza kwamba ni bastola za kizamani, zile za baruti nyeusi, zinazopigwa kwenye klabu ya shabaha, na kwamba kila kitu kina kibali cha polisi na kabati la chuma la kufungia. Alinisikiliza kwa makini kama anayepima homa.

"Na mzee wako anasema aje?"

"Sina mzee."

"Haya," akasema. "Sasa nimeelewa kwa nini."

Tulicheka mpaka kijana aliyekuwa kando yetu akavua visikilizio vyake kuona kuna nini. Aliposhuka, yule dada aliligonga begi langu kwa kiganja, kama mtu anavyogonga gari linaloondoka safari ndefu.

Kazi yangu ni kuhudumia watu majumbani: kuwaogesha, kuwapikia, kuhakikisha dawa zimemezwa. Nimeifanya katika miji mingi, kwa sababu mimi si mtu wa kukaa. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, na haukupita muda nikawa Mombasa. Kutoka Mombasa nikaenda Muscat, kutoka Muscat nikafika Uingereza, na huku penyewe nimeishi Leicester, Bristol, Luton na pande tatu za London. Kila ninapohamia, moyo hubaki nilikotoka. Nilipokuwa Muscat niliililia Tanga. Nikiwa London hupanda basi mpaka Edgware Road kula halua na kuwasikiliza Waomani wakibishana juu ya kahawa, nikaililia Muscat, mji ambao nilipokuwamo nilikuwa na hamu moja tu, ya kuukimbia. Sijawahi kumiliki kabati. Sikuwahi kuwa mwanachama wa kitu chochote, hata maktaba.

Kampuni ilinituma Stanmore kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyekuwa amefanyiwa operesheni ya kifundo cha mkono wa kulia. Alizaliwa Moshi, ambako baba yake alikuwa na duka la misumari na saruji, na Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni.

"Wewe wa wapi?"

"Tanga, Mama."

"Ah, Tanga! Watu wa Tanga wanaongea kama wanaimba, kazi hawafanyi."

"Na watu wa Moshi?"

"Sisi tunafanya kazi, kuimba hatujui. Ingia, vua viatu."

Haikuchukua siku nyingi akanituma bandani, nyuma ya nyumba, nimletee miwani aliyoisahau. Nilikuta jiko dogo la umeme, chungu cha chuma, upawa uliosagika, na juu ya rafu vyuma vilivyofungwa kwa kitambaa. Nilikifungua kimoja. Kilikuwa kama koleo lenye mipini ya mbao, na mdomoni mwake vipande viwili vya chuma vilivyokutana sawasawa. Ukivitenganisha, kila kimoja kina nusu ya tundu la mviringo. Ukivikutanisha, juu hubaki kijitundu cha kumiminia. Hiyo ndiyo kalibu. Unamimina risasi iliyoyeyuka, unangoja, unafungua, inaanguka gololi. Kazi hiyo ndiyo kusubu.

Kumbe mama wa watu ni mpiga shabaha, na si wa jana. Klabu yao iko nje kidogo, kaskazini, na silaha zao ni bastola za silinda za mtindo wa zamani sana, zisizotumia risasi za kisasa. Kila tundu la silinda unalijaza baruti, juu yake unashindilia gololi, nyuma unaweka fataki ndogo ya kuwashia. Gololi zipo za kununua, lakini mama hakuzitaka.

"Gololi ya duka ni kama chapati ya pakiti," aliniambia. "Inashibisha, sikatai. Lakini utamkaribishia nani?"

Muda wangu wa kumhudumia uliisha mkono wake ulipoanza kupona, lakini mkono wenyewe haukurudi kama zamani. Aliweza kushika kikombe. Kalibu na upawa hakuviweza. Nikaendelea kwenda Stanmore siku zangu za mapumziko, bila kampuni kunituma. Akanipeleka klabuni kama mgeni. Nilipofyatua mara ya kwanza sikuona nilichokipiga, maana moshi mweupe ulinifunika kama shela ya bibi harusi, ukinuka viberiti na mayai yaliyooza. Moshi ulipoondoka, kwenye karatasi kulikuwa na tundu, mbali na katikati, lakini tundu langu. Nilisimama pale nikiwa na masizi puani, na sikutaka kuwa mahali pengine popote. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuandikwa.

Nikaomba uanachama. Wakaniweka kwenye kipindi cha majaribio, kama sheria inavyotaka, kikaangukia kumalizika vuli, siku ya mashindano yao na klabu moja ya ng'ambo ya mto. Baada ya mashindano kamati hukaa, hunywa chai, hupiga kura. Na klabu ile ina desturi yake, ya zamani kuliko wanachama wote: aliye kwenye majaribio hupiga siku hiyo kwa gololi alizozisubu kwa mkono wake mwenyewe, na kapteni huzikagua mbele ya watu. Zikikataliwa, hupigi, na majaribio yanaanza upya.

Kuanza upya nimeanza mara nyingi. Mara hiyo sikutaka. Nilitaka wanikubali, na nilitaka wanikubali kwa kitu nilichokitengeneza. Ndiyo maana nilibeba lile paa.

Siku hiyo ya kwanza ya kusubu, mama alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, akinisimamia kwa mdomo. Nilivaa miwani mikubwa, glavu za ngozi zinazofika kwenye viwiko, aproni ndefu na viatu vya kufunika. Dirisha wazi, mlango wazi. Chai marufuku, biskuti marufuku, kujigusa mdomo marufuku.

"Risasi haina haraka," alisema. "Inakaa mwilini kama mgeni asiyeaga. Ukimaliza, sabuni mpaka viwiko, na nguo zako zifuliwe peke yake."

Marufuku kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Tone moja likiingia kwenye chungu cha risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi yote usoni mwako. Hilo lilinishtua kwa sababu yangu mwenyewe. Mama yangu mzazi, Tanga, alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, nami nilianza kumimina unga tangu nilipoweza kuufikia mdomo wa jiko. Chuma cha vitumbua, kile chenye vishimo, hujaribiwa kwa maji: unanyunyiza tone, likiruka na kulia, chuma kiko tayari. Pale bandani mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kutafuta bakuli. Nikauweka mfukoni.

Nilikatakata mabamba, nikayaweka chunguni. Kwa muda hayakufanya lolote. Kisha kipande kimoja kililegea pembeni kama samli, kikazama, na vingine vikakifuata, mpaka chungu kizima kikawa kioo cha fedha. Mama akaniambia nitie kipande cha nta. Kilitoa moshi, kikashika moto, nikakoroga, uchafu wote wa paa ukapanda juu: vumbi, rangi, mchanga wa miaka ya watu. Nikauengua kwa kijiko kikuukuu. Chini yake risasi iling'aa hata nikaona sura yangu, nyembamba na yenye miwani.

Simu ikalia ndani. Ilikuwa ni dada yake mama, na maongezi yao hayajawahi kuwa mafupi.

"Usimimine mpaka nirudi," akasema akiinuka. "Andaa kalibu tu."

Andaa kalibu. Mtu aliyelelewa na chuma chenye vishimo, ukimwambia akiandae, anajua jambo moja. Rafuni kulikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikachovya, nikapaka ndani ya kila nusu ya tundu, taratibu, kotekote, kama nilivyofundishwa, ili gololi zisigande. Nilijiona nimewahi. Nilijiona mama atarudi na kusema, huyu binti anaona mbele.

Na kwa kuwa nilijiona hivyo, sikungoja. Nikamimina. Nikafungua. Ikaanguka gololi iliyokunjamana kama kidole kilichokaa sana majini. Sikushangaa, kitumbua cha kwanza huwa hakifai, chuma hakijapata moto. Nikamimina ya pili, ikawa hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa na mashimo kama imeliwa na wadudu. Nikaongeza moto. Nikaongeza na mafuta.

Mama aliporudi alisimama mlangoni, akanusa.

"Harufu gani hii?"

"Ya risasi, Mama."

"Risasi hainuki hivi. Hii harufu ya gereji." Akanitazama. "Umepaka mafuta?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Ndani ya tundu. Zisigande."

Akageuza uso. Nilidhani amekasirika. Kisha bega moja likaanza kutikisika, na la pili, akashika mwimo wa mlango kwa mkono wake mzima.

"Nimefundisha watu kazi hii," akasema alipopata pumzi. "Nimefundisha Waingereza, nimefundisha Mpolandi, nimemfundisha marehemu mume wangu ambaye alikuwa haelewi kitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikaangia risasi! Vitumbua! Ananipikia vitumbua!"

"Mama, si ungesema?"

"Nianze kusema usipake mafuta? Na nikwambie usitie hamira pia?"

Mafuta, alinieleza akijifuta macho, yakikutana na risasi ya moto hugeuka moshi uliokosa pa kutokea. Moshi huo huizuia risasi isijaze tundu, ndipo inapokunjamana. Kalibu haitaki kitu ndani. Ikabidi niioshe kwa maji ya moto, sabuni na mswaki, mbali kabisa na chungu, kisha niikaushe juu ya jiko mpaka nilipochoka kungoja, halafu niendelee kungoja. Ilipokauka kabisa aliniwashia mshumaa, akaniambia niupitishe moto wake chini ya zile nusu mbili mpaka zishike masizi membamba, meusi, laini.

"Haya ndiyo mafuta yake," akasema.

Nikaanza tena. Hapo ndipo mikono yangu ilipojikuta nyumbani. Kwa maana kazi yenyewe, ukiondoa yale mafuta, ni ileile. Chuma kikipoa, gololi inakunjamana. Kikizidi moto, inatoka na ukungu mweupe kama imepakwa sukari. Katikati ya hapo, mahali pembamba, inatoka iking'aa. Na huwezi kukaa mahali hapo pembamba kwa kusimama na kufikiri. Lazima uwe na mwendo: mimina, ngoja, gonga, fungua, angusha, funga, mimina. Ukienda kujikuna, umepoteza moto. Mama yangu alikuwa hata akisalimiwa barabarani anaitikia bila kuinua uso.

Gololi zikaanza kuanguka kwenye blanketi lililokunjwa, tuk, tuk, tuk. Mama wa Stanmore aliyekuwa akiniamuru kila hatua akaacha amri. Nikamwona kwa pembe ya jicho, ameegemea mbele.

"Nani alikufundisha kutochelewa hivyo?"

"Mama yangu."

"Alikuwa fundi?"

"Alikuwa muuza vitumbua."

"Ndiyo nasema. Fundi."

Nikamimina nyingine, maana upawa ulikuwa mkononi. Lakini neno hilo nililibeba mpaka Stratford, na lenyewe halikuwa zito hata kidogo.

Nilisubu majira yote ya joto. Zilizokunjamana zilirudi chunguni, zenye ukungu zilirudi chunguni. Katika kazi hii hakuna kinachotupwa, kosa la asubuhi linakuwa gololi ya mchana. Nzuri nilizipanga kwenye kopo la biskuti lililotandikwa flana, na nyumbani Stratford nilikuwa nikilifungua tu nizitazame. Mpangaji mwenzangu, msichana wa Kikongo anayesomea uhasibu, aliniuliza kama ni dawa.

"Dawa ya nini?"

"Sijui, Mama. Umezikodolea kama unaziombea."

Majani yalipoanza kubadilika rangi, kampuni ilinipigia simu. Kulikuwa na kazi Edinburgh, mzee mmoja, chumba ndani ya nyumba hiyohiyo, kuanza mara moja. Mashindano yalikuwa mbele yangu, yamekaribia. Na miguu yangu, ninavyoijua, ilianza kuwasha. Nilianza kuiona Edinburgh ambayo sijawahi kufika. Niliona hata nitakavyoikumbuka London nikiwa kule, na basi la Edgware Road, na mama wa Stanmore, na jinsi uchungu huo utakavyokuwa mtamu. Nilikwenda kumwambia.

Alikuwa akichambua choroko mezani. Hakuinua macho.

"Wanapiga kura, wewe unapanda treni," akasema.

"Si hivyo, Mama. Kazi ni kazi."

"Kazi Stratford zimekwisha?"

"Hazijakwisha."

"Basi usiniambie kazi. Unaogopa yule kapteni mwenye masharubu atazitazama gololi zako na kutikisa kichwa."

"Na akitikisa?"

"Atatikisa ukiwapo. Utamtukana kwa Kitanga, hataelewa, tutarudi hapa tutakula. Ukienda Edinburgh, atatikisa kichwa kwenye kopo tupu." Akasukuma sinia la choroko upande wangu. "Kaa uchambue. Upande huu una mawe."

Nilikaa nikachambua. Jumatatu niliwapigia kampuni nikakataa. Yule binti wa ofisini akadhani simu ina matatizo, kwa kuwa hajawahi kunisikia nikikataa kuhama.

Siku ya mashindano ilikuwa ya baridi na jua jembamba. Mama alivaa sari, koti la mvua na viatu vya raba, akakaa kwenye benchi la nyuma kama hakimu. Wageni wa ng'ambo ya mto walifika na thermosi zao na vyakula vyao. Kapteni wetu, mzee Mwingereza aliyestaafu udereva wa mabasi, ana masharubu ya manjano kwa tumbaku na maneno machache. Alitandika kitambaa mezani, akaweka kipande cha kioo alichokiinamisha kidogo, na mzani mdogo. Watu wakajikusanya. Nikampa kopo.

Alizichukua moja moja. Kila moja aliibingirisha juu ya kioo. Gololi yenye tundu la hewa ndani haiendi sawa; inayumba, inakata kona, inajisema yenyewe. Yangu ya kwanza ilikwenda moja kwa moja, ikagonga ukingo wa meza. Ya pili hivyohivyo. Kila moja baada ya kioo ilipanda kwenye mzani. Moja aliishika muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga, akaiweka pembeni. Ikafuata nyingine, ikaenda sawa, na nyingine, na nyingine, mpaka kopo likabaki na flana, ndipo akazirudisha zote ndani isipokuwa ile moja.

"Hiyo moja ina kasoro kidogo," akasema kwa Kiingereza chake cha puani. "Nyingine zote pigia."

"Amesema nini?" mama akauliza kutoka kwenye benchi, japo Kiingereza anakijua kuliko mimi.

"Amesema nipige!"

"Basi piga, unangoja karamu?"

Nilipiga kwa bastola ya klabu. Nilipima baruti, nikaweka gololi juu ya tundu la silinda, nikavuta wenzo wa kushindilia. Gololi hutengenezwa kubwa kidogo kuliko tundu, makusudi. Inaposhuka, mdomo wa tundu unaikwangua, na juu hubaki kijipete chembamba cha risasi. Kijipete kikitoka kizima, ujue gololi imeziba vizuri na moto hautarukia tundu la jirani. Vyangu vilitoka vizima, kimoja baada ya kingine, nikavikusanya kwenye meza. Nilifyatua, nikangoja moshi uondoke, nikafyatua. Sikupiga vizuri sana. Mkono wangu bado ni mgeni, na nilikuwa nikiharakisha kwa furaha, jambo ambalo halimsaidii mpiga shabaha.

Ndipo likazuka la mgeni. Alikuwa bwana mmoja mnene, mchangamfu, bora kuliko wote wa upande wao. Alikuja na gololi za dukani, na aliposhindilia ya kwanza, kijipete hakikutoka. Alishindilia ya pili, hakikutoka. Kapteni wetu akainua mkono.

"Hupigi na hizo. Ni ndogo kwa silinda yako. Utajilipua pamoja nasi."

Yule bwana akakagua sanduku lake, akawauliza wenzake; silinda zao zilikuwa za vipimo vingine, yake ilikuwa sawa na ya bastola yetu. Kapteni akageuka, akanitazama, akatazama kopo langu. Hakuniomba kwa mdomo. Nikalisukuma upande wake.

Nyuma yangu nikasikia Kiswahili cha Moshi: "Usimpe! Huyo adui!"

"Mgeni, Mama."

"Mgeni anapewa chai!"

Bwana yule alishindilia gololi yangu. Kijipete kikatoka kizima, chembamba kama uzi. Akakiinua kwa ncha ya kidole, akakitazama juani. Kisha akapiga. Akapiga jinsi ambavyo sijawahi kuona mtu akipiga, na karatasi yake ilipoletwa matundu yalikuwa yamesongamana katikati hata ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Alitushinda. Alinishinda mimi kwa mbali sana, kwa gololi zangu mwenyewe, na nilisimama pale nimevimba kama ndiye niliyepiga.

Alikuja mezani na karatasi mkononi.

"Nani amesubu hizi?" akauliza. "Mnazinunua wapi?"

"Hatuzinunui," kapteni akasema. Akaninyoshea kidole, bila kunitazama, kama mtu anavyoonyesha mlango wa nyumba yake. "Ni za mwanachama wetu."

"Bado," akasema mtu mmoja wa kamati, mdomo ukiwa na mkate. "Hatujapiga kura."

"Basi pigeni."

"Sasa hivi? Kabla ya chai?"

"Mnangoja nini? Aende kwa hawa?"

Wakatazamana. Mmoja akainua mkono wenye kikombe, mwingine mkono wenye mkate, wa tatu akauinua bila kuacha kujifuta masizi usoni. Yule bwana mgeni naye akanyosha, wakamzomea, akaushusha huku akicheka. Kwenye benchi mama alikuwa amenyosha zamani, tena anamsukuma jirani yake kwa kiwiko. Mikono ilikuwa mingi, na mimi sikujua niweke wapi ya kwangu, nikanyosha mmoja.

"Wewe huruhusiwi," kapteni akasema. "Mtu hajipigii kura."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, na mkono nikauacha juu.